Shajara ya mradi wa kanga ya cherero: Januari hadi Juni

12 Januari, Dodoma mjini

Leo tumeanza rasmi. Kikundi chetu kina watu watano: wachoraji wawili, fundi chapa mmoja, mwalimu mstaafu wa sayansi anayewajua ndege kuliko sisi wote, na mimi ninayeandika shajara hii na kushika daftari la fedha. Tunakusudia kubuni kanga moja ambayo mji wake, yaani sehemu ya katikati, utabeba ndege wa maeneo haya ya kati, kuichapa na kuiuza, kisha kutenga sehemu ya mauzo kwa ajili ya kulinda miti mizee yenye matundu ambamo ndege hao hutaga.

Kanga ilishinda kitenge bila ubishi mkubwa. Kitenge ni kizuri, lakini hakina mahali pa kusema neno, ilhali kanga ina pindo, ina mji na ina jina. Zaidi ya hayo, vazi lenyewe lina deni la zamani kwa ndege, kwa kuwa inasimuliwa kwamba liliitwa kanga kutokana na madoadoa ya vitambaa vya mwanzo, vya karne ya 19, yaliyofanana na manyoya ya kanga wa porini. Tumekubaliana kwamba pindo letu litakuwa la madoadoa hayo, liwe shukrani.

Ubishi ulikuja kwenye uchaguzi wa ndege wa kuwekwa kwenye mji wa kanga. Mwalimu alimtetea tumbusi kwa hoja nzito: tumbusi mgongo-mweupe amewekwa tangu mwaka 2015 katika daraja la ndege walio hatarini kabisa kutoweka duniani, jike hutaga yai moja tu kwa msimu, na mzoga mmoja uliotiwa sumu kwa ajili ya simba au fisi unaweza kuua makumi ya tumbusi kwa siku moja. Hakuna aliyempinga kwa hoja hizo. Tulimpinga kwa hoja ya duka, kwamba hakuna mwanamke atakayempelekea wifi yake aliyejifungua kanga yenye ndege wa mzoga. Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba watu wasiotaka kumvaa tumbusi ndio haohao wanaomhitaji awasafishie pori. Ana haki, na suala la tumbusi halijafungwa, limeahirishwa tu.

Tumemchagua cherero, yule ambaye watu wengi mjini humwita kasuku mdogo. Cherero wa huku ana mwili wa kijani, kichwa cheusi kinachoelekea kahawia, ukosi mpana wa njano, mdomo mwekundu na duara jeupe kulizunguka jicho. Kwa asili yake hapatikani porini katika nchi nyingine yoyote ila Tanzania. Wale wanaoonekana Nairobi na Mombasa ni uzao wa ndege waliofugwa wakatoroka au wakaachiwa. Ni mzuri, ni wa hapa, na uzuri wake ndio uliomponza, kwa kuwa ndege wa jenasi yake walinaswa na kusafirishwa nje kwa wingi sana katika miaka ya 1980. Mwaka 2016 Serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumnasa bila leseni, ingawa kizimba chenye ndege wawili wa kijani barazani si kitu cha kumshangaza mtu.

25 Januari, Hombolo

Tumekwenda Hombolo kuchora kwa macho badala ya kunakili picha. Mvua zimeshika, majani ni mengi, na bwawa, ambalo lilijengwa mwaka 1957, limejaa vizuri. Cherero tuliwasikia kabla ya kuwaona, kwani sauti zao ni kali na za kukwaruza, wala hazilingani na sura yao.

Mambo matatu tuliyoyaona yameingia kwenye michoro moja kwa moja. La kwanza ni kwamba ndege huyu ni mfupi na mnene, ana urefu usiozidi sana sentimita 15, na mkia wake umekatika kana kwamba aliyemuumba aliishiwa na udongo. Michoro yetu ya awali ilikuwa na mikia mirefu ya kasuku wa katuni, na yote imetupwa. La pili ni kwamba akitulia hukaa wawili wawili, bega kwa bega. La tatu ni kwamba hakai popote tu. Muda mwingi tuliwaona karibu na matundu ya mibuyu na ya miti mingine iliyozeeka, wakiingia na kutoka. Hachimbi tundu mwenyewe. Hutumia tundu lililokwisha kuwapo, liwe limetokana na tawi lililovunjika na kuoza au limeachwa na ndege wengine, na kwa hiyo mti mchanga, hata ukipandwa kwa maelfu, haumsaidii leo wala miaka mingi ijayo.

Hilo la mwisho limebadilisha sentensi moja katika andiko letu la mradi. Tulikuwa tumeandika kwamba fedha zitanunua miche. Tumeifuta.

9 Februari

Siku ya rangi. Fundi alitukumbusha kwamba kila rangi ni skrini yake, yaani fremu ya wavu wa kuchapia, kila skrini ni gharama yake, na kila skrini inayoongezeka ni nafasi nyingine ya kukosea. Cherero ana kijani, njano, nyekundu na weusi, yaani skrini nne kabla hatujafika kwenye pindo.

Mchoraji wetu mdogo ndiye aliyepata ufumbuzi. Kwa kuwa rangi anazotumia fundi hupitisha mwanga, rangi moja ikipita juu ya nyingine huzaa ya tatu. Njano huchapwa kwanza mwili mzima. Bluu hufuata juu ya njano, isipokuwa kwenye ukosi na mdomo, na hapo mwili unakuwa wa kijani huku ukosi ukibaki wa njano. Nyekundu huja mwisho: juu ya mdomo wenye njano pekee hutoa wekundu wa kuwaka, na juu ya kichwa ambacho tayari kina njano na bluu hutoa kahawia nzito inayokaribia weusi, ambayo kwa hakika ndiyo rangi halisi ya kichwa cha ndege huyu tuliyemwona juani, si weusi wa makaa. Duara la jicho halichapwi kitu, ni kitambaa chenyewe. Skrini tatu, ndege mzima.

Nimeandika jambo hili kwa kirefu kwa sababu ndilo jambo la kiufundi linalonifurahisha kuliko yote hadi sasa. Fundi hakufurahi kiasi hicho. Alisema kwamba katika uchapaji wa kawaida rangi ikihama kidogo mteja haoni, lakini katika mpango huu rangi ikihama ndege atapata ugonjwa.

27 Februari

Marikani, kitambaa cha pamba cha kuchapia, imenunuliwa, na skrini za majaribio zimetengenezwa. Mpangilio wa mji ni huu: ndege 48 wanaoruka, kila safu ikishuka nusu ya kipimo cha safu iliyo kando yake ili jicho lisiuone mstari wa maungio. Tumechapa kipande cha majaribio cha mita moja. Kwa macho yetu kilipendeza sana.

15 Machi, Mvumi

Tulikipeleka kipande hicho Mvumi, kwa wanawake wa kikundi kimoja cha kuweka na kukopa, tukiwa na imani kubwa. Baada ya salamu, mbukwenyi na shikamoo zote zikiwa zimekamilika, tulikitandaza kwenye mkeka. Kikatandwa na ukimya.

Aliyeuvunja ni bibi mmoja aliyekuwa amekaa pembeni. Alikigusa kitambaa, akaufuata mdomo mwekundu wa ndege mmoja kwa kidole, kisha wa pili, kisha wa tatu, akaniambia, "Mwanangu, kanga hii nikijifunga nikaenda nayo shambani, si nitakuwa nimewaalika?"

Wote wakacheka, na sisi ndipo tulipoelewa. Walikuwa wanaona kweleakwelea.

Ni lazima nieleze, kwa manufaa ya atakayesoma shajara hii akiwa mbali na mashamba ya mtama. Huku mvua ni ya msimu mmoja, na mtama na uwele ndiyo mazao yanayoweza kuivumilia mvua hiyo ikiwa haba. Nafaka hizo hukaa nje ya suke, wazi, na kweleakwelea huzijia kwa makundi yanayoonekana angani kama moshi. Ndege mmoja hula takriban gramu kumi kwa siku, kiasi ambacho ni kidogo mpaka mtu akumbuke kwamba kundi la ndege milioni moja, kwa hesabu hiyo, hula tani kumi kwa siku moja. Ndiyo maana mwezi huu watoto na akina mama wako madunguni tangu alfajiri, wanaamia ndege kwa kombeo, kwa makopo na kwa sauti zao wenyewe, hadi jua linapozama. Kweleakwelea ana mdomo mwekundu. Cherero ana mdomo mwekundu. Na sisi tulikuwa tumejaza ndege 48 wenye midomo myekundu kwenye kitambaa kimoja, wakiruka upande mmoja.

Kosa halikuwa la rangi wala la mchoro wa ndege, kwa kuwa walipoonyeshwa picha ya ndege mmoja peke yake walimtambua mara moja na kusema wanapoishi. Kosa lilikuwa katika mrudio wenyewe. Sisi watu wa ruwaza tumefundishwa kwamba ukipata umbo zuri ulirudie, na mrudio huo huleta utulivu. Kwa mtu aliyekesha akilinda suke, ndege anayerudiwa mara 48 si pambo, ni kundi.

Mama mwingine aliuliza swali ambalo tulikuwa tunalikwepa: hao kasuku wenu nao hawali mtama? Mwalimu alijibu bila kuzunguka kwamba wanakula, mbegu za majani kwanza na nafaka pia wakiikuta, ila hawaji kwa maelfu kwa maelfu. Nadhani jibu hilo lilitusaidia kuliko maelezo yote tuliyokuwa tumeyaandaa, maana baada ya hapo mazungumzo yalikuwa ya kweli. Walizungumzia hata ndege ya kunyunyizia sumu dhidi ya kweleakwelea. Mwalimu akaeleza kwamba fenthioni, inayotumika kwa kazi hiyo, haichagui, huua pia ndege wengine waliolala katika miti ileile na wale wanaokuja baadaye kula waliokufa. Hakuna mmoja kati yetu aliyewaambia waache kuomba ndege hiyo. Mimi sina shamba la kupoteza.

29 Machi

Wiki mbili za kuchora upya. Mji wa zamani umefutwa wote.

Katika mpangilio mpya kinachorudiwa ni matundu, si ndege. Uwanja wa mji umekuwa gome la mbuyu, lile gome lenye mikunjo kama ngozi ya goti la tembo, na juu yake yamepangwa matundu 24 kwa mtindo uleule wa nusu hatua. Matundu sita yana cherero wawili wawili, wametulia, mmoja akitazama nje. Yaliyobaki ni matupu. Mtazamaji wa kwanza tuliyemwonyesha, jirani yangu asiyejua lolote kuhusu mradi, aliuliza wengine wamekwenda wapi. Hatukuwa tumemdokezea swali hilo.

Mpangilio huu umepunguza pia eneo la rangi nyekundu kwa kiasi kikubwa, jambo lililomfurahisha fundi, na umetulazimisha kuwachora ndege kwa ukubwa wao halisi badala ya kuwadogosha. Duara la jicho, ambalo kwa ndege hai ni jembamba, tumelipanua kwa makusudi ili kuacha nafasi ya rangi kuhama kidogo. Mwalimu alinung'unika kwamba si sahihi kisayansi. Tulipiga kura, naye akashindwa kwa kura nne kwa moja.

12 Aprili

Jina la kanga limetuchukua jioni tatu, muda mrefu kuliko ilivyotuchukua kuchagua rangi.

Pendekezo la kwanza lilikuwa langu, nami naliandika hapa kwa aibu: TUHIFADHI NDEGE KWA MAENDELEO ENDELEVU. Dada yangu alilisoma akaniuliza kama kanga hiyo itagawiwa bure kwenye mkutano. Alikuwa na maana kwamba watu wanayo tayari makabati yaliyojaa kanga za maadhimisho, na kanga za namna hiyo huishia kufunikia madumu ya maji. Jina la kanga halihutubii. Humsema mtu bila kumtaja, na kila anayelisoma hudhani amesemwa yeye.

BANDUBANDU HUMALIZA GOGO lilipendwa na wengi, kwa kuwa ni methali inayofahamika, inagusa ukataji wa miti, na hapa kwetu Ugogo neno gogo lina utani wake. Liliangushwa na utani huohuo, tuliona utatusumbua.

Lililoshinda ni TUNDU LINA MWENYEWE. Lina mti ndani yake na lina kizimba ndani yake, maana ndege porini hulala tunduni, na ndege aliyenaswa naye hufungiwa tunduni. Lina pia onyo kwa anayemnyemelea mume wa mtu, na tulipolipeleka Mvumi akina mama walilicheka kwa sababu nyingine ambazo shajara hii haiwezi kuziandika. Yule bibi wa mkekani alisema kwamba hiyo ataivaa, na anajua ataivaa kwa ajili ya nani.

4 Mei

Habari mbaya. Uchapaji wa kwanza, doti 40, umefanyika katika karakana tuliyoikodi kwa siku mbili, na kati ya doti hizo 17 haziuziki. Kwenye doti hizo skrini ya nyekundu imekaa kando kwa karibu milimita nne. Kichwa kimeteleza juu ya jicho, duara jeupe limezibwa, na ndege wote ni vipofu, isipokuwa wachache ambao midomo yao inaning'inia hewani mbele ya nyuso zao.

Chanzo tumekipata baada ya kupima kitambaa na kukipima tena. Kitambaa hakikufuliwa kuondoa wanga kabla ya kuchapwa. Kiliwekewa njano, kikaanikwa. Kikawekewa bluu, kikaanikwa kwenye jua kali zaidi la mchana. Na kufikia zamu ya nyekundu kilikuwa kimerudi na kupungua ukubwa, huku skrini zikibaki kama zilivyokuwa. Karakana ilikuwa imetuahidi kwamba kitambaa kimefuliwa. Sisi hatukukagua, na kumwagia tone la maji kuona kama kitambaa kinalinywa ni kazi ya dakika moja. Hasara tumegawana.

Doti zilizoharibika zimekatwa na kushonwa mifuko ya sokoni, kwa kutumia pindo na sehemu za gome peke yake. Madoadoa ya pindo, nashukuru, hayana macho.

20 Mei

Doti 23 nzima zimekwisha kwa siku tisa, nyingi zikiwa zimenunuliwa na watu waliosoma jina kabla ya kuona ndege. Kwa kila doti tumetenga shilingi 2,000, jumla shilingi 46,000, ambazo si fedha nyingi, na sitajifanya kuwa ni nyingi. Zinatosha rangi ya kuwekea miti alama, nauli, na chakula cha mchana cha siku mbili kwa wajumbe wa kamati ya mazingira ya kijiji watakaotembea nasi.

14 Juni, nje ya Hombolo

Tumetembea siku mbili na wajumbe wa kamati. Makubaliano ni kwamba mti mzee wenye tundu linalotumika utawekewa pete ya rangi nyeupe, na kijiji hakitatoa ruhusa ya kuukata, uwe mzima au umekauka. Neno umekauka lilijadiliwa kwa muda mrefu chini ya mkwaju, kwa kuwa mti uliokauka kwa kawaida huhesabiwa kuwa kuni tayari, na mama anayetafuta kuni haoni sababu ya kuupita. Mjumbe mmoja mwenye umri mkubwa ndiye aliyelimaliza jambo hilo, aliposema kwamba miti mikavu yenye matundu haizidi vidole vya mikono miwili katika eneo lote, na kijiji hakitakosa ugali kwa ajili ya hiyo. Tumeweka alama miti 14: mibuyu tisa na mingine mitano ya aina mbalimbali, mitatu kati ya hiyo mitano ikiwa imekauka.

Majani yamekauka sasa na kila kitu kinaonekana vizuri kuliko Januari. Kwenye mbuyu wa sita tulimwona cherero akifika tunduni na ukanda mwembamba wa gome mdomoni, mrefu kuliko yeye mwenyewe, akahangaika kuugeuza mara tatu ndipo ukapita mlangoni. Mwalimu alieleza kwamba jike wa aina hii hubeba vifaa vya kiota kwa mdomo, tofauti na ndugu zake wa kusini mwa Afrika, wenye nyuso za waridi, wanaovichomeka katikati ya manyoya ya mgongoni. Mchoraji mdogo alikuwa ameshaanza kuchora.

Kwa hiyo toleo la pili litakuwa na badiliko moja: katika tundu moja kati ya yale sita, ndege anayetazama nje atakuwa na ukanda wa gome mdomoni. Ukanda huo utatoka kwa nyekundu juu ya bluu peke yake, nayo ni zambarau iliyofifia inayofanana vya kutosha na gome bichi. Kitambaa kimelowekwa tangu jana, kimefuliwa, kimeanikwa, na nimekimwagia maji mimi mwenyewe. Skrini ya nyekundu inarudi kwa fundi Jumatatu.